Aagwe au Aachwe Alale?

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia kwenye simu baada ya isha, naye alikuwa akinong'ona. Nilijua yuko jikoni, maana friji ya nyumba ile ina mlio wake, na kwa miaka miwili nimeuzoea kama wa friji yangu. Alisema tiketi imekatwa: Alhamisi ya wiki ijayo, ndege inaruka kutoka Muscat saa nane za usiku. Pasipoti amerudishiwa. Mshahara wa mwezi wa mwisho atapewa siku ya safari. Kisha akafikia lililomfanya anong'one.

"Madamu anataka niondoke mtoto amelala, asiambiwe kitu. Anasema akiniona na sanduku atalia, na kilio kile yeye hakiwezi. Dada, nifanyeje?"

Barazani kwetu Kisauni tulikuwa watatu: mimi, shangazi yetu, na jirani yetu ambaye ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Niliilaza simu juu ya mkeka, nikaurudia ujumbe ule wote wausikie. Usiku huo chai ilipashwa mara tatu.

Mikataba ya kazi za nyumbani huko Ghuba kwa kawaida ni ya miaka miwili. Mambo ya mabinti wetu wanaokwenda tunayasikia kila siku: ajenti aliyewadanganya, kafili, yaani mwajiri mdhamini, aliyewanyima mshahara, maiti iliyokaa mochari kwa miezi. Yasemwe, na yasemwe kwa sauti kubwa. Lakini iko siku moja isiyosemwa, nayo ni siku ambayo mkataba umeisha salama na mtu anarudi kwao, akiwaacha nyuma watu aliokula nao. Mtoto huyu, mdogo wangu alimpokea akiwa na miezi minne. Sasa ana miaka miwili na zaidi, na neno lake la kwanza lililoeleweka halikuwa la Kiarabu. Lilikuwa "njoo."

SHANGAZI: Mwacheni alale. Mimi nimekaa Muscat miaka kumi na minane, nyumba tatu, nimelea watoto saba. Zaidi ya yule wa kwanza sikumuaga hata mmoja, na wote wamekua, wameoa na wameolewa. Radhi huombwa kwa mwenye kukuandikia kosa. Na amuombe mama mtu, amuombe baba mtu, amuombe jirani aliyemuazima chumvi. Mtoto wa miaka miwili hana daftari. Hakudai, wala hakuandikii. Unamuamsha umwambie nini?

Hoja hiyo si nyepesi. Kwetu pwani msafiri haondoki kimyakimya. Anayekwenda Hija hupita nyumba hadi nyumba; hata anayekwenda Nairobi kutibiwa huwabishia hodi majirani na kuwaambia, "Nisameheni kwa niliyowakosea." Wakishajibu kwamba wamesamehe, ndipo anapobeba mzigo wake. Kuaga kwetu ni kufuta hesabu, na kwa hesabu hiyo Shangazi ana haki: mtoto amekwisha kusamehe kabla hajaombwa.

MUUGUZI: Shangazi, kulala atalala tu. Ndege ya saa nane za usiku, mtu anatoka nyumbani saa tano, mtoto wa umri ule yuko macho anafanya nini? Swali ni kama atalala akijua au atalala asijue.

SHANGAZI: Akijua, analia. Asipojua, analala. Mimi nachagua usingizi.

MUUGUZI: Na asubuhi?

SHANGAZI: Asubuhi yuko mamake. Atalia siku mbili, atasahau. Hao wangu ndivyo walivyofanya.

MUUGUZI: Nani alikwambia?

SHANGAZI: Mabosi zangu, kwa simu.

MUUGUZI: Wewe ulikuwa umeshafika Mombasa. Walikwambia amesahau, au walikwambia amenyamaza?

Hapo muuguzi akatusimulia filamu ambayo alionyeshwa chuoni. Mwaka 1952 mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa London, James Robertson, alimpiga picha msichana wa miaka miwili na nusu aliyelazwa hospitali siku nane kwa upasuaji mdogo. Siku hizo hospitali za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa muda mfupi tu, na madaktari waliamini kwamba mtoto aliyenyamaza ni mtoto aliyeridhika. Msichana yule hapigi makelele. Anamuulizia mama yake kwa sauti ndogo, anajizuia, anakaza uso, anaendelea kucheza. Robertson aliwatazama watoto wengi wa namna hiyo akaona hatua tatu: kwanza hulia, kisha hukata tamaa, na mwisho hujitenga, hata mama akija humtazama kama mgeni. Ile hatua ya tatu ndiyo waliyoiita watu wazima "amezoea." Ilichukua hadi mwaka 1959 kwa ripoti ya serikali kupendekeza kwamba wazazi waachiwe kuwaona watoto wao wodini.

MUUGUZI: Na mwenzake, yule John Bowlby aliyeandika vitabu juu ya mtoto na mlezi wake, alizaliwa mwaka 1907 katika nyumba ya wenye nacho. Mama alimuona kwa saa moja hivi kwa siku. Aliyemlea ni yaya, jina lake Minnie. Minnie akaondoka mtoto akiwa na miaka minne hivi. Bowlby alipokuwa mtu mzima alisema msiba wake ulikaribia wa kufiwa na mama.

Shangazi alikisukuma kikombe chake pembeni.

SHANGAZI: Basi umenisaidia mimi. Aage, asiage, mtoto alibaki na kidonda. Kinachouma ni kuachwa, na kuachwa hakuondolewi na kwaheri. Sasa nyinyi mnataka mtoto aachwe, na juu yake atazame anavyoachwa.

Muuguzi hakuwa na jibu la haraka. Mimi nilikuwa nalo, ila nililiogopa, maana ni langu.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu aliondoka nyumba hii saa kumi na moja alfajiri kuiwahi treni ya asubuhi Miritini, na Nairobi akapanda ndege. Binti yake alikuwa na miaka mitatu. Tulikubaliana asiamshwe. Nasema tulikubaliana, lakini aliyetoa shauri ni mimi. Nilimwambia mdogo wangu, "Nenda, mwanangu huyu niachie." Alimfunika kwa leso yake, akatoka na viatu mkononi.

Saa moja mtoto akaamka. Sikumsikia akilia. Nilimsikia akitembea. Alikwenda jikoni, akatoka. Akaenda chooni, akagonga mlango, akangoja, akagonga tena kwa adabu kama alivyofundishwa. Akarudi chumbani. Nilipoingia nilimkuta amepiga magoti kitandani, ameinua mto, anatazama chini yake. Kisha akainua wa pili.

Chakula alikula. Michezo alicheza. Watu walinipongeza: mtoto amezoea upesi, mashallah. Alichokikataa ni usingizi, na hilo hakuna aliyenitahadharisha. Kwa miezi mingi alilala ameshika nguo yangu, nikigeuka anakaa kitako. Usiku mmoja aliniambia kwa ulimi wake wa miaka mitatu: "Usiende nikilala." Nikafahamu nilichokuwa nimemfanyia. Uchungu wa kuachwa angeupata kwa vyovyote, hapo Shangazi amesema kweli. Lakini mimi niliutia uchungu huo ndani ya usingizi wake. Mtoto aliyeagwa anajua kwamba mama huondoka akiwa na sanduku. Mtoto aliyeachwa amelala anajua kwamba mama huondoka ukifumba macho, na macho ni lazima ayafumbe kila siku.

Niliyasema hayo barazani, mbele ya shangazi yangu ambaye alikuwapo nyumbani miezi ile yote na hakuwahi kusikia kisa cha mto. Alikaa kimya muda mrefu. Alipozungumza, alisema jambo lake mwenyewe.

SHANGAZI: Nyinyi mnazungumza habari ya mdogo. Nami niwaambie habari ya mkubwa. Nyumba yangu ya kwanza niliaga. Niliaga sawasawa, kwa udi na halua, nikamshika mkono kila mmoja. Mtoto niliyemlea alikuwa na miaka minne, amekaa mapajani kwangu. Bibi mwenye nyumba akasema, "Fungua sanduku." Nikafungua. Akamwaga kila kitu sakafuni, nguo za ndani na zote, anatafuta dhahabu yake. Yule mtoto akadhani ni mchezo. Akashuka mapajani, akawa anamsaidia mamake, anachukua nguo yangu moja moja, anaikung'uta, anacheka. Dhahabu haikuwamo. Nikazikunja nguo zangu upya mbele yao. Tangu siku ile sikumuaga tena mtu. Nyumba mbili zilizofuata nilitoka kama mgeni wa usiku.

Nilikuwa nimefikiri shangazi yangu anazungumzia watoto. Nyumba ile siitaji, na yeye hakuitaja. Lakini wangapi miongoni mwa makadama wetu, hao wafanyakazi wa nyumbani, wamepekuliwa sanduku siku ya kurudi, baada ya kuachiwa nyumba nzima na funguo zake kwa miaka miwili? Na mtu akishakupekua, unamwambia kwaheri kwa uso gani?

Hapo ndipo ninapoona kwamba jambo hili halikuanza na mtoto. Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa. Lakini chini ya mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa kafili wake na ambao bado una mizizi Ghuba hata baada ya kukatwa matawi, katika baadhi ya nchi kwenda kwao kwenyewe kulihitaji ruhusa. Qatar iliwaondolea wafanyakazi wa nyumbani kibali cha kutoka nchini mwezi Januari 2020 tu, na hata hivyo iliwataka wamuarifu mwajiri saa 72 kabla ya kuondoka. Sheria ikamkumbuka mwajiri. Aliyebebwa mgongoni miaka miwili hakuandikiwa saa hata moja. Anayeaga ni mgeni, kwa kuwa alikuja kwa hiari na anaondoka kwa hiari. Anayeshikiwa pasipoti huachiliwa, na kuachiliwa hakuna adabu yake. Ndiyo maana wengi hutoka kama Shangazi. Ukali hawana, wanachunga kilichobaki cha heshima yao.

Madamu wa mdogo wangu si katika waajiri wa namna hiyo, na haki yake nimpe. Mshahara hakuuchelewesha. Ijumaa alimuachia apumzike. Pasipoti aliitoa bila kuombwa mara mbili. Ila aliogopa, na nadhani nakijua alichokiogopa. Mwanawe akianguka hukimbilia jikoni. Akiota vibaya humwita yaya. Alhamisi ile ndugu wangekuwapo sebuleni, na mtoto angemlilia mwanamke mwingine mbele yao, kwa lugha ambayo mama yake anaijua nusu. Hilo ni jambo la kuuma, na sidhani kama kuna mama anayestahili kuchekwa kwa kuumwa nalo. Mdogo wangu naye analo lake: bintiye ananiita mimi Mama, na yeye humwita kwa jina, kama alivyozoea kumsikia simuni.

Siku ya pili ikaingia sauti ambayo hatukuitarajia. Bibi wa nyumba ile, mama yake madamu, ni mzaliwa wa Unguja. Muscat Waswahili wa namna hiyo ni wengi. Waliondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na wengi walirejea Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Mdogo wangu alikuwa amemhadithia, naye akaishika simu mwenyewe.

BIBI WA MUSCAT: Assalamu alaykum, wanangu. Shangazi, nimeambiwa maneno yako, na kwa lile sanduku nakuomba radhi mimi, ingawa si nyumba yangu. Sasa nisikilize. Mimi nilitolewa kwetu usiku nina miaka sita, nimelala begani kwa baba. Aliyenilea alikuwa mwanamke wa Makunduchi. Nimeamka niko chomboni, maji kila upande. Nilimuulizia, nikaambiwa nyamaza. Nimezaa, nina wajukuu, na mpaka leo sijui kama aliamka akakikuta kitanda changu kitupu, au aliambiwa. Hilo la yeye kuambiwa ndilo linalonisumbua kuliko la mimi. Mtoto aagwe. Aagwe mchana, jua likiwa juu. Binti yangu nitazungumza naye. Kilio anachokiogopa ni chake mwenyewe.

Shangazi aliusikiliza ujumbe ule mara mbili, ya pili simu akiwa ameiweka sikioni peke yake. Hakusema kwamba ameshindwa, na mimi sisemi kwamba alishindwa. Alisema tu, "Basi aagwe vipi?" Ugomvi ukaanza upya.

Muuguzi alitaka mtoto aambiwe siku ileile au jana yake, si kabla, kwa kuwa wiki kwa mtoto wa miaka miwili ni neno tupu. Aambiwe kwa maneno machache, na aambiwe ni nani atakayemuamsha. Yaya amuachie leso aliyokuwa akimbebea, isifuliwe. Bibi alitaka mtoto apewe kazi ya mikono: akae na yaya wakati wa kufunga mizigo, atie kitu kimoja sandukuni kwa mkono wake mwenyewe, alione sanduku likifungwa.

SHANGAZI: Sanduku tena!

Lakini alicheka, na nilifurahi kumsikia akicheka.

Lililotushinda ni neno lenyewe. Shangazi alitaka mtoto aambiwe, "Inshallah nitarudi." Muuguzi akakataa katakata: mkataba mpya haupo, mdogo wangu amesema hatarudi, mtoto atakaa dirishani. Bibi akajibu kwamba inshallah si uongo, kila kitu kiko mikononi mwa Mungu. Nami nasema hivi, na kwa hili sitaridhiana na wazee wangu: inshallah ni neno la mtu aliyekusudia. Ukilitumia kufunikia usilolikusudia, umemchezea mtoto na umemchezea aliyetajwa. Kiswahili kinayo "kwaheri ya kuonana," na kinayo kwaheri tu. Mtoto apewe ile ya pili.

Hatukukubaliana. Uamuzi ulikuwa wa mdogo wangu, naye Alhamisi alifanya alivyoweza. Baada ya alasiri walikaa wawili sakafuni, sanduku wazi katikati yao. Mtoto alitia kiatu chake kimoja, cha kushoto. Mdogo wangu akamwambia, "Leo usiku yaya anapanda ndege, anakwenda kwao. Wewe utalala. Ukiamka, Bibi yuko." Mtoto akasema "njoo," akakitoa kile kiatu, akakitia tena. Madamu alikuwa amesimama mlangoni. Hakupekua. Alikuja akaketi sakafuni nao, na wakati wa kulifunga sanduku akalikandamiza kwa magoti, kwa kuwa zipu ilikuwa imegoma. Mtoto alilia magharibi, akalia sana, akabembelezwa na wanawake watatu, akalala. Alfajiri aliamka akaita. Bibi alikuwa ameketi kando ya kitanda tangu saa tisa.

Alilia tena. Bibi anasema hakutafuta popote.

Naandika haya Ijumaa jioni. Mdogo wangu ameshatua Nairobi. Binti yake, ambaye sasa ana miaka mitano, nilimwambia tangu Jumatatu, na swali lake lilikuwa moja: "Atafika nikiwa nimelala?" Mdogo wangu alikuwa amekata shauri kupanda treni ya leo ya saa nne usiku, kwa kuwa hawezi kungoja zaidi, na treni ile hufika Miritini usiku wa manane umepita, kabla hakujapambazuka. Nikampigia. Nilimwomba alale Nairobi, apande ya kesho asubuhi inayofika mchana. Akaniambia pesa za kulala hoteli hana, alizonazo ni za ada ya mtoto. Shangazi alikuwa karibu yangu akichambua mchele. Aliuweka ungo chini, akapangusa mikono, akaniomba nimsomee namba ya simu ya mdogo wangu pole pole, kwa sababu hataki mtu mwingine amtumie M-Pesa kwa niaba yake. Alituma mwenyewe. Kisha akatoka uani kumwambia kijana wa tuktuki aje kesho baada ya adhuhuri, na kwamba abiria wa kwenda ni watatu, mmoja wao mdogo, na asimruhusu kusinzia njiani.